Kabla hamjakubali kukatwa: jibu kuhusu barua ya SSI inayodai malipo yaliyozidi

Swali: Mama yangu ana miaka 71, ni raia wa Marekani, na riziki yake yote ni SSI, yale malipo ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato na mali kidogo. Tumepokea barua ya SSA, idara inayolipa SSI, inayosema kwamba mwaka 2024 alilipwa pesa asizostahili kwa miezi 7, Machi hadi Septemba, jumla dola 6,601, kwa sababu akaunti yake ya benki ilikuwa na zaidi ya dola 2,000. Ni kweli pesa zilipita humo, lakini nyingi zilikuwa michango ya kikundi cha akina mama ambacho yeye ndiye mweka hazina wake. Barua ina siku 19 tangu iandikwe. Mjomba anasema dawa ya deni ni kulipa, tukubali kukatwa kidogo kidogo yaishe. Tufanyeje?

Jibu: Mjomba wenu anawatakia mema, lakini dawa yake ni ya deni lililokwisha kuhakikiwa. Hilo mlilo nalo bado ni dai, na kwa jinsi ulivyolieleza, inawezekana sehemu kubwa yake haisimami. Msisaini makubaliano yoyote ya kulipa kwa sasa. Mkishakubali mpango, makato yanaanza, na kila mtu anayeshika faili baada ya hapo ataliona kama jambo lililokwisha.

Watu wengi hupotea mwanzoni kabisa kwa sababu wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni kusema "sidaiwi, au sidaiwi kiasi hicho." Hiyo ni rufaa, na hatua yake ya kwanza ni ombi la uamuzi kuangaliwa upya, fomu SSA-561. La pili ni kusema "hata kama nadaiwa, kosa halikuwa langu na sina uwezo wa kulipa, naomba nisamehewe." Hilo ni ombi la msamaha wa deni, fomu SSA-632. Kila ombi lina masharti yake na ushahidi wake. Mtu akijaza fomu ya msamaha peke yake, ofisi huchukulia kwamba hesabu yao ameikubali. Akijaza ya rufaa peke yake na ikakataliwa, anajikuta anakatwa wakati bado hajagusa mlango wa pili. Nyinyi jazeni zote mbili na mzipeleke siku moja. Akitokea mtu dirishani akawaambia mchague moja, mwambieni kwa adabu kwamba mnaomba zote mbili zipokelewe, na mbaki hapo hapo mpaka zigongwe muhuri.

Sasa siku. Rufaa ina siku 60 tangu siku mliyopokea barua, na sheria huhesabu kwamba barua hufika siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Msamaha hauna mwisho, unaweza kuombwa hata miaka baadaye. Lakini siku inayowahusu zaidi leo ni ya 30. Ombi likifika ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua, makato hayaanzi mpaka uamuzi utoke. Mkichelewa hapo, ombi bado litasimamisha makato, ila huenda mwezi mmoja ukawa umeshakatwa, na kwa mtu anayeishi kwa SSI tupu mwezi mmoja si mdogo. Kwa hiyo mna siku 11. Fomu hazihitaji kuwa na ushahidi wote ndani yake. Pelekeni fomu kwanza, mkiandika kwamba ushahidi unafuata.

Tazameni pia kama kuna barua nyingine iliyokuja pamoja na hiyo, inayosema kwamba malipo ya sasa yatapunguzwa au yatasimamishwa. Hiyo ina saa yake ya haraka zaidi: rufaa ikiingia ndani ya siku 10 tangu kuipokea, mama anaendelea kulipwa kama kawaida wakati kesi inaendelea. Barua hizo mbili hufanana sana, na wengi huisoma moja tu.

Fomu zipelekeni ofisi ya Social Security (SSA) ya eneo lenu kwa mkono, mkiwa na nakala ya kila ukurasa, na mwombe nakala zenu zigongwe muhuri wa tarehe. Faksi pia inafaa mradi mhifadhi ile karatasi ya uthibitisho, na barua ya posta iwe ile ya kusainiwa na mpokeaji. Karatasi hupotea, nayo nakala yenye muhuri ndiyo itakayothibitisha kwamba hamkuchelewa. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, ofisini na kwa simu, na ni wajibu wao kumtafuta. Mtumieni hata kama wewe Kiingereza unakijua vizuri, ili maneno ya mama yaingie kwenye faili kama alivyoyasema yeye.

Kwenye SSA-561 mtaulizwa namna mnayotaka kesi iangaliwe. Msichague njia ya karatasi tupu. Chagueni kikao kisicho rasmi, ambapo mama anakaa na afisa ambaye hakutoa uamuzi wa kwanza na kumwonyesha karatasi moja baada ya nyingine. Kesi ya pesa zilizopita kwenye akaunti ni ngumu kueleweka kwa maandishi matupu, lakini mbele ya mtu, ukiwa na taarifa za benki mezani, mara nyingi hueleweka haraka.

Tuje kwenye kiini cha jambo, yaani hesabu yenyewe. SSI ina kikomo cha mali cha dola 2,000 kwa mtu mmoja na dola 3,000 kwa mume na mke, na kikomo hicho hakijapanda tangu 1989. Lakini hawahesabu kiasi kikubwa kilichowahi kuingia kwenye akaunti. Wanahesabu mtu alikuwa na nini mwezi unapoanza, saa sita usiku ya tarehe 1. Ukiwa juu ya kikomo dakika ile, unakosa haki ya mwezi mzima. Ukiwa chini, mwezi huo ni wako, hata kama tarehe 12 kulikuwa na dola 5,000 humo, ingawa pesa iliyoingia kama kipato ina hesabu yake ya pembeni. Dola 6,601 gawanya kwa 7 unapata dola 943, nacho ndicho kiwango cha SSI cha shirikisho cha mwaka 2024. Maana yake wamefuta kila mwezi mzima mzima. Kwa hiyo nanyi msipigane na dola 6,601. Piganeni na Machi, kisha Aprili, kisha Mei. Kila mwezi mtakaouokoa unaondoa dola 943.

Chukueni taarifa za benki kuanzia Februari hadi Oktoba 2024. Pigeni mistari kwenye karatasi: safu ya kwanza mwezi, ya pili salio la mwisho la siku iliyotangulia tarehe 1, ya tatu kiasi cha SSI kilichoingia mapema, ya nne pesa za kikundi, ya tano kinachobaki cha mama.

Hiyo safu ya tatu ndiyo inayosahauliwa sana. SSI hulipwa tarehe 1, lakini tarehe 1 ikiangukia wikendi au sikukuu, pesa huingia siku ya kazi iliyotangulia. Mwaka 2024 tarehe 1 Juni ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo SSI ya Juni iliingia Ijumaa tarehe 31 Mei. Tarehe 1 Septemba ilikuwa Jumapili, kwa hiyo ya Septemba iliingia Ijumaa tarehe 30 Agosti. Mtu akitazama salio la usiku huo anaona dola 943 zaidi, akadhani ni akiba. Si akiba. Ni kipato cha mwezi unaoanza, na kipato cha mwezi hakihesabiwi kuwa mali ndani ya mwezi huo huo. Tuseme usiku wa tarehe 31 Mei akaunti ilikuwa na dola 2,610. Toa 943, zinabaki 1,667. Juni yote inatoka kwenye deni kabla hata hamjataja kikundi. Juni na Septemba zote mbili zimo ndani ya miezi yenu 7, kwa hiyo anzeni na hizo.

Kagueni pia kama kuna pesa ambazo sheria yenyewe inaziacha nje. Marejesho ya kodi ya mapato ya shirikisho hayahesabiwi kwa miezi 12 tangu yaingie. Malimbikizo ya SSI au ya Social Security hayahesabiwi kwa miezi 9. Pesa zilizotengwa kwa mazishi, hadi dola 1,500, nazo huachwa zikiwa zimetengwa mbali na nyingine na kutajwa wazi kwamba ni za mazishi.

Pesa za kikundi zinahitaji uangalifu zaidi. Kanuni iko upande wenu: pesa unayoishika kwa niaba ya wengine si mali yako wala si kipato chako. Lakini akaunti ikiwa kwa jina la mama peke yake, ofisi huanza kwa kudhani kwamba kila senti ni yake, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo uko kwenu. Neno "michango" peke yake halimwambii afisa kitu. Anahitaji kuona pesa inaingia, inakaa, inatoka, na ni ya nani.

Kwa hiyo tafuteni daftari la kikundi, lile lile lenye mafuta ya jikoni na kurasa zilizokunjika. Msilinakili upya. Daftari safi lililoandikwa lote kwa kalamu moja kwa siku moja linatia shaka kuliko chafu. Pigeni picha kurasa husika, kisha unganisheni kila mchango na mstari wake kwenye taarifa ya benki kwa namba: mchango namba 4 kwenye daftari, namba 4 kwenye taarifa ya benki. Ongezeni ujumbe wa simu ambamo akina mama walikuwa wakiulizana nani ametuma na nani bado, pamoja na risiti za malipo yalipotoka. Kila mwanakikundi aandike maelezo yake mwenyewe na kuyasaini kwenye fomu SSA-795, ambayo ni karatasi ya maelezo ya mtu yeyote: mimi fulani, nilimpa mama fulani kiasi fulani, tarehe fulani, kwa ajili ya jambo fulani, akinishikia, na nilirudishiwa au zilitumika hivi. Maelezo matano yaliyoandikwa kwa maneno tofauti, kila moja na tarehe zake, yana uzito kuliko moja lililosainiwa na watu ishirini. Vilivyo kwa Kiswahili viwekewe tafsiri pembeni.

Mchango wa mama mwenyewe msiutoe kwenye hesabu kama vile ni wa wenzake. Ni pesa yake, na mkiutaja wenyewe mtaaminika kwa yaliyobaki. Na tafadhali, asitokee mtu wa kuwasaidia kwa kurekebisha tarehe. Maelezo ya uongo yakigundulika, adhabu ya mara ya kwanza ni kukosa malipo kwa miezi 6, na hapo suala la msamaha nalo limekufa.

Baada ya kujaza karatasi yenu, huenda mkakuta Agosti, kwa mfano, imebaki na dola 2,240 ambazo ni za mama kweli. Kwa dola 240 za ziada anadaiwa 943. Sheria ni hiyo, na inauma. Mwezi kama huo msiulazimishe kwenye rufaa. Semeni wazi kwamba huo mnaukubali na mnauombea msamaha. Na kama mwezi fulani umezidi kwa dola 50 au chini ya hapo, uombeeni msamaha kwa kutaja kiasi hicho, maana kanuni ina nafuu maalumu kwa ziada ndogo namna hiyo iwapo mtu hakuficha kwa kujua.

Ombi la msamaha lina masharti mawili, na yote lazima yatimie. Kwanza, mama hakuwa na kosa. Pili, kurudisha pesa kutamnyima mahitaji ya lazima, au hakutakuwa haki. Sharti la pili halina taabu kwa mtu ambaye bado yuko kwenye SSI na hana kipato kingine. Kazi iko kwenye la kwanza. Watu huandika "ofisi ndiyo iliyokosea kuendelea kunilipa" wakidhani wameshinda. Kosa la ofisi peke yake halimtoi mtu kwenye lawama. Kinachoulizwa ni kama mama alitoa taarifa aliyopaswa kutoa, na kama alijua, au angepaswa kujua, kwamba pesa ile haikuwa haki yake.

Hapa kanuni inamtaka afisa azingatie umri wa mtu, elimu yake, afya yake na uelewa wake wa Kiingereza. Iandikeni hiyo kwa ukamilifu. Fomu za mapitio ya kila mara alizijazaje? Nani alimsomea? Alipoulizwa "una pesa kiasi gani benki," aliulizwa kwa lugha gani, na je, aliwahi kuambiwa kwamba pesa anazowashikia wengine nazo zinatakiwa kutajwa? Kama alijibu kwa kutaja zake tu, kwa sababu kwake zile nyingine hazikuwa zake hata kidogo, hilo ni jibu la mtu mwaminifu. Liandikeni hivyo hivyo, kwa maneno yake: "Pesa za wenzangu sikuzitaja kwa sababu si zangu, nilikuwa nazitunza tu." Kama aliwahi kupiga simu au kwenda ofisini kutoa taarifa, wekeni tarehe, hata ya kukadiria, na mseme ni ya kukadiria. Mabadiliko yanatakiwa kuripotiwa kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo watauliza.

Ombi la msamaha haliruhusiwi kukataliwa kimya kimya. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Califano v. Yamasaki ya mwaka 1979, mtu ana haki ya kukaa ana kwa ana na mwamuzi na kusikilizwa kabla msamaha haujakataliwa na makato kuanza. Kabla ya kikao mna haki ya kuliona faili. Liombeni kwa maandishi. Humo mtakuta hesabu za salio walizotumia na namna walivyozipata, maana SSA ina mfumo wa kuuliza mabenki moja kwa moja kwa ruhusa ambayo mwombaji alishasaini. Mara nyingine unagundua wamechukua salio la siku isiyo sahihi, au wamehesabu akaunti ambayo jina la mama lilikuwemo tu kwa ajili ya dharura.

Kuna hoja moja zaidi isiyotajwa mara nyingi. Kwenye SSI, uamuzi uliokwisha kutolewa unaweza kufunguliwa upya ndani ya mwaka 1 kwa sababu yoyote, na ndani ya miaka 2 kwa sababu nzuri. Zaidi ya hapo wanatakiwa kuonyesha udanganyifu au kosa linalofanana nao. Ulizeni uamuzi wa malipo ya miezi ile ulitolewa lini, na barua ya deni ina tarehe gani. Kama miaka 2 imepita, andikeni kwenye rufaa kwamba mnapinga kufunguliwa kwa uamuzi huo, na mwaombe waeleze kwa maandishi kosa la mama ni lipi.

Rufaa ikikataliwa, mnahesabu tena siku 60 na kuomba kusikilizwa na jaji wa sheria za utawala kwa fomu HA-501. Jaji halazimiki kufuata uamuzi wa ofisi, na anamsikiliza mama mwenyewe akiwa ameapa. Kufikia hapo tafuteni wakili wa shirika la msaada wa kisheria, ambalo kwa mtu wa SSI kwa kawaida halitozi kitu. Anayemwakilisha mama huandikishwa kwa fomu SSA-1696, na mwakilishi anayetaka kulipwa lazima ada yake iidhinishwe na SSA. Anayetaka pesa mkononi bila idhini hiyo, mwepukeni.

Na kama miezi kadhaa itabaki na msamaha ukakosekana? Makato ya kawaida kwenye SSI hayazidi 10% ya jumla ya kipato cha mwezi. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 967, hivyo makato yalikuwa kama dola 96.70. Angalieni basi mpango mtakaopewa. Deni lote la 6,601 likigawanywa kwa miezi 60 ni dola 110 kwa mwezi, zaidi ya hiyo 10%. Huo ndio ule "kidogo kidogo" wa mjomba, na unamgharimu mama kuliko kutokubali lolote. Hata hiyo 10% inaweza kupunguzwa kwa fomu SSA-634, mkionyesha kodi ya nyumba, dawa, umeme na chakula. Msichanganye haya na yale mnayosikia kuhusu kukatwa nusu ya malipo. Hayo ni ya Social Security ya kustaafu na ulemavu, ambako makato ya kawaida yalishushwa hadi 10% mwezi Machi 2024, yakatangazwa kurudi 100% Machi 2025, kisha yakawekwa 50% Aprili 2025. SSI ilibaki kwenye 10%.

Wakati haya yanaendelea, ondoeni pesa za kikundi kwenye jina la mama. Kama kikundi kinataka akaunti, ifunguliwe kwa jina la kikundi, au ishikwe na mwanakikundi asiyepokea SSI. Msifikirie kumweka mama kama jina la pili kwenye akaunti ya mtu mwingine ili awe anaona kinachoendelea: kwenye akaunti ya pamoja, SSA huanza kwa kudhani kwamba pesa zote ni za yule anayepokea SSI, na mtarudi kwenye daftari lile lile. Siku ya kuhamisha, fanyeni kwa hundi au uhamisho wa benki wenye maelezo, chukueni karatasi yake, na muiripoti SSA kwa maandishi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, mkieleza pesa ni za nani na zimekwenda wapi. Nakala ya barua hiyo, ikiwa na muhuri, iongezeni kwenye faili la rufaa.